Tarehe Imesogezwa Mbele

Kundi la wasapu lilikuwa na jina refu kuliko treni ya mizigo: Habari na Tarehe Muhimu kwa Wanafunzi wa Uzamili. Kila tangazo likiingia, simu ya Rukaya ililia kengele. Tuko mezani, kengele. Niko kwenye mswala, kengele. Nilimwambia siku moja kwamba nikifa na kengele hiyo ikalia makaburini, nitainuka niivunje kisha nirudi kulala. Akacheka sana. Wakati huo nyumbani kwetu Kilole bado tulikuwa tunacheka.

Mimi ni mama yake mdogo, naitwa Maryamu. Mama yake mzazi, dada yangu Mwantumu, alifariki Rukaya akiwa bado shule ya msingi, nikamchukua kuishi nami Mazinde nilikokuwa nafundisha, na nilipostaafu tukahamia hapa Kilole, Korogwe mjini. Nimemlea kwa ukali na uji. Sijui kipi kati ya hivyo kilimfikisha chuo kikuu, lakini alifika, akamaliza shahada ya kwanza, akaanza ya pili, ya mambo ya malisho. Majirani waliniuliza inakuwaje mtoto wa Kizigua, tena wa kike, anakwenda kusomea majani ya ng'ombe. Niliwajibu kwamba ng'ombe hawajalalamika.

Shida ilikuwa muda. Kule chuoni muda una wenyewe. Usajili wake ulikuwa umeisha, wakamwongezea mara moja, wakamwambia hakuna mara ya pili: tasnifu isipofika mwisho wa Septemba, jina linafutwa. Jina likifutwa, kila alichosoma kinabaki hadithi ya kusimulia. Kwa hiyo ile kengele tulikuwa tunaitania, lakini ikilia tunaitazama simu kwanza, ndipo tunatazamana.

Utafiti wenyewe, ukiuvua joho lake, ulikuwa hivi. Unachagua vipande sita vya ardhi ya malisho, kila kimoja ukubwa wa kiwanja cha nyumba, unavizungushia miiba ng'ombe wasiingie. Kila baada ya miezi kadhaa unakwenda na mundu, unakata majani kidogo ndani na kidogo nje, unayakausha, unayapima, unaona ardhi inapona kiasi gani ikipumzishwa. Vitalu vyake vilikuwa Handeni, mbugani, kwenye boma la mzee mmoja mfugaji anayeitwa Saning'o. Tena havikuwa mahali popote tu. Vilikuwa ndani ya alalili, yale malisho ya akiba ambayo wafugaji wanayafunga wakati wa mvua ili kiangazi kikikaza ndama na ng'ombe wagonjwa wapate pa kuegemea. Rukaya alisema huko ndiko majani yalikuwa yanafaa kwa kazi yake. Yalikuwa yanafaa, ndiyo, na wenyewe walikuwa wanajua kwa nini.

Siku ya kwanza kwenda kuomba nilikwenda naye. Binti haendi kuomba ardhi ya watu peke yake, hata awe na digrii tatu. Aliyetupokea alikuwa Leboo, mtoto wa mwisho wa mzee, kijana mrefu aliyesoma mpaka kidato cha nne na mwenye simu mbili. Njiani akamwambia Rukaya, "Dada, ukifika, usianze na karatasi. Chuma majani, shika mkononi, ndiyo uombe."

Rukaya akafanya hivyo. Alisimama mbele ya mzee, mtandio umemteleza mabegani, kashika kishada cha majani kama mtoto anayempelekea mwalimu maua. Nami nikajikaza nisicheke. Mzee Saning'o hakucheka. Aliyatazama yale majani muda mrefu, akamwekea binti mkono kichwani, akasema Kiswahili chake cha taratibu.

"Anayeomba na majani mkononi hakataliwi. Hata adui hakataliwi. Nimekupa. Lakini sasa ni yako. Hapa hapatafunguliwa na mkono wa mtu mwingine. Mimi sitafungua, mke wangu hatafungua, watoto hawatafungua. Utafungua wewe."

Akaenda mwenyewe kwenye kila kitalu, akafunga fundo la majani mlangoni. Rukaya aliguswa mpaka machozi yakamlenga. Habari ile aliiandika kwenye sura ya tatu ya tasnifu yake, akanisomea jioni moja, na chini yake akaandika kwamba katika kipindi chote cha utafiti hakuna kitalu kilichoingiliwa na mifugo. Sentensi hiyo aliiandika mapema kabisa, kabla kipindi chenyewe hakijaisha.

Siku ile ile mke wa mzee, Nasinkoi, alitukaribisha ndani, akatupa chai ya maziwa nzito hata kijiko kinasita. Kisha tukala habari. Ndivyo wanavyosema wao, habari zinaliwa. Mkikutana mnaulizana: watu wazima? Wazima. Ng'ombe wazima? Wazima. Watoto? Wazima. Hata nyumba iwe imeungua jana, jibu ni hilo, kwa sababu hizo ni salamu tu. Baadaye, mkishakaa na kutulia, mwenyeji anaanza mwanzo, anakueleza kila kitu, nawe unaitikia ee, ee, mpaka anamaliza. Halafu inakuwa zamu ya mgeni. Niliipenda desturi hiyo. Na sisi hatuna tofauti kubwa. Mtu wa Korogwe ukimuuliza habari atakwambia nzuri, halafu ndiyo ije ila: nzuri, ila tumezika juzi. Mwenye adabu anaisubiri hiyo ila.

Mwaka huo masika yalikuwa haba. Yalinyesha wiki chache tu, yakakata kama mtu aliyekumbuka safari. Kule Kilole tuliona mahindi yamekauka yakiwa yanachanua, tukasikitika, tukanunua unga sokoni. Sisi wa mjini ukame tunauona kwenye bei ya unga.

Rukaya alikuwa amepanga kwenda kukata majani ya mwisho katikati ya Agosti, afungue vitalu, awaachie wenyewe malisho yao, arudi kuandika. Mkoba ulikuwa umeshafungwa, mundu umenolewa, mifuko ya kaki imeandikwa namba. Ndipo kengele ikalia. Aliyeweka tangazo alikuwa Yordani, kiongozi wa darasa lao, ambaye sijawahi kumwona ila namjua kama ndugu kwa jinsi alivyokuwa anaingia nyumbani kwangu saa zote. Chuo kimebadilisha utaratibu wa kupokea tasnifu, kwa hiyo tarehe ya mwisho imesogezwa mbele mpaka mwisho wa Novemba.

Rukaya aliruka pale barazani mpaka kandambili zikamtoka. Nami nilifurahi, kwa nini nisifurahi? Mtoto alikuwa amekonda, usiku halali. Akampigia msimamizi wake, na msimamizi akamwambia kwamba hiyo ni bahati kubwa: badala ya kukata sasa, asubiri mwisho kabisa wa kiangazi, karibu na vuli, tofauti ya ndani na nje itaonekana wazi zaidi. Mtu anayekaa ofisini kwenye feni alisema hivyo, na kwa hesabu za karatasi alisema kweli. Rukaya akaufungua mkoba, akatundika mundu jikoni. Usiku huo alilala fofofo.

Mwezi wa Septemba Leboo alipiga simu. Tulikuwa barazani tunachambua mboga ya mchunga, mikono imejaa, kwa hiyo Rukaya aliweka sauti ya nje nami nikasikia yote.

"Dada Rukaya, unakuja lini?"

"Bado kidogo, Leboo. Tarehe imesogezwa mbele. Nitakuja mwisho wa mwezi wa kumi."

"Tarehe imesogezwa."

"Ndiyo, kule chuoni."

"Sawa."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Ng'ombe wazima?"

"Wazima."

"Na vitalu?"

"Vipo. Hakuna mtu amegusa."

"Asante sana, kaka yangu. Mpe mzee shikamoo yangu."

"Nitampa. Sasa, huku kwetu..."

Kengele ikalia. Rukaya akanyoosha shingo kuitazama simu. "Leboo, samahani, kuna tangazo la chuo limeingia, tutaongea vizuri nikija. Baki salama." Akakata. Tangazo lenyewe lilikuwa la upana wa pembezoni mwa ukurasa, kwamba kushoto paachwe nafasi zaidi kwa ajili ya kujalidi. Alilisoma mara mbili.

Nilimwambia, "Yule kijana alikuwa hajamaliza."

"Kasema wote wazima, mama mdogo."

Mtu aliyeandika desturi za watu kwenye sura ya tatu, akazisahau barazani. Niliendelea na mchunga wangu.

Leboo hakupiga tena. Rukaya alimpigia Oktoba kumwambia siku atakayofika, simu zote mbili hazikupatikana. Akasema ni mtandao.

Tulikwenda wote wawili, kwa sababu mifuko ilikuwa mingi na mimi nilitaka kumwona Nasinkoi. Nilikuwa nimemchukulia sukari na kanga. Tulipanda basi mpaka Handeni mjini, kutoka hapo bodaboda mbili. Ardhi ilikuwa imebaki nyeupe. Miti ilikuwa imekatwa matawi ya juu, maana watu walikuwa wameanza kuwalisha ng'ombe majani ya miti. Kando ya njia palikuwa na ngozi zilizokauka juu ya mifupa, hapa moja, pale mbili zimelaliana. Hata harufu haikuwapo. Jua lilikuwa limeshamaliza kazi yake.

Vitalu tuliviona kwa mbali. Vilikuwa sita, vimesimama katikati ya vumbi, na ndani majani yamefika magotini, ya manjano, mazuri, yanayumba kwa upepo. Sijawahi kuona kitu kizuri kilichonitisha namna ile. Rukaya alishuka kwenye pikipiki akasema, "Alhamdulillahi, vipo," kisha akatazama chini.

Nyayo za ndama zilizunguka uzio pande zote. Zilikuwa zimechimba njia, kama ile inayochimbwa na watu wanaokwenda kisimani. Mahali pengine palikuwa na alama ya kitu kilicholala kimejibana kwenye miiba, na manyoya yamenasa. Na miiba ya juu ilikuwa mipya. Nilisogea nikaishika kuhakikisha. Kuna mtu alikuwa anakuja kuongeza miiba, kuwazuia ndama wake mwenyewe.

Mafundo ya majani yalikuwa bado mlangoni.

Nasinkoi alitoka nje ya nyumba akatupokea. Alikuwa amepungua, shanga za shingoni zimelegea. Rukaya aliinamisha kichwa asalimiwe, Nasinkoi akakigusa. Tukaulizana. Watu wazima? Wazima. Watoto wazima? Wazima. Ng'ombe wazima? Wazima, akasema Nasinkoi, akatuingiza ndani.

Alitupa chai ya rangi. Nimekunywa chai ya rangi maisha yangu yote na sijawahi kuiogopa, ila hiyo ilinishinda kumeza. Kwenye boma la wafugaji, mwenyeji akikupa chai isiyo na maziwa, ameshakwambia nusu ya habari.

Tukakaa. Kisha akaanza mwanzo, kama inavyotakiwa.

"Masika hayakunyesha vizuri."

"Ee," nikaitikia.

"Mwezi wa nane majani ya nje yakaisha. Tukasema, mtoto atakuja sasa, alisema mwezi wa nane. Hukuja."

"Ee."

"Leboo akapiga. Ukamwambia tarehe. Mzee akahamisha ng'ombe wakubwa, akawapeleka huko Mto Pangani. Ndama hawawezi kutembea mpaka huko. Ndama wakabaki na mimi. Nikawakatia matawi, mti ukaisha, nikaenda mbali. Wakaanza kulala pale kwenye miiba. Mchana wanalala, asubuhi mwingine haamki. Nikaongeza miiba, maana walitaka kuvunja."

"Mama, kwa nini hamkufungua?" Rukaya alisema. "Ni majani tu. Mngefungua."

Nasinkoi alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila hasira. "Uliomba na majani mkononi. Tungefungua vipi?"

Rukaya alisimama. "Basi nafungua sasa hivi. Siyapimi tena, mama. Waingizeni ndama, wale wote, waleni mpaka waishe." Alikuwa anachanganya maneno. Nilijua amesema nini, na nilijua anatupa nini. Bila majani yale tasnifu ilikuwa haina mwisho, na Novemba ilikuwa mlangoni. Kwa dakika ile nilimpenda kuliko siku aliyovaa joho.

"Ndama gani?" akasema Nasinkoi.

Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza chumvi iko wapi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu tufike sijasikia mlio wa ndama hata mmoja. Boma lilikuwa kimya kama shule wakati wa likizo.

"Kaa, mtoto," akamwambia. "Sijamaliza." Rukaya akakaa. Nasinkoi akamalizia habari zake: mzee anakohoa huko mtoni, Leboo yuko naye, simu wanachajisha dukani mara moja kwa wiki. Ndama wa mwisho alikufa wiki iliyopita, alikuwa jike, alikuwa na doa jeupe. Hakusema walikuwa wangapi. Wao hawahesabu mifugo kwa namba, nami sikuthubutu kuuliza.

"Hizo ndizo zangu," akasema. "Sasa zako."

Hiyo ndiyo desturi. Mwenyeji amemaliza, mgeni anatoa zake, tangu mwanzo, bila kuruka. Rukaya alinitazama kama alivyokuwa ananitazama utotoni akiulizwa swali gumu darasani.

"Mwezi wa nane nilikuwa tayari kuja," akaanza.

"Ee," akaitikia Nasinkoi.

"Likaja tangazo. Tarehe ya chuo ikasogezwa mbele."

"Ee."

"Mwalimu wangu akasema nisubiri, majani yatakuwa... vipimo vitakuwa vizuri zaidi."

"Ee."

"Nikasubiri."

Nasinkoi alingoja. Alikuwa anangoja habari ziendelee, zifike kwenye jambo lenyewe. Upepo ulipiga bati la jikoni. Rukaya alikuwa ametazama kikombe.

"Ni hivyo tu, mama. Nilikuwa nyumbani."

"Ulikuwa unaumwa."

"Hapana."

"Kulikuwa na msiba."

"Hapana, mama. Sikuumwa. Hatukufiwa."

Nasinkoi alinigeukia mimi, mzee mwenzake, kana kwamba huenda mtoto hasemi sawasawa na mimi nitanyoosha. Nilitamani kusema uongo. Ulimi ulikuwa tayari kabisa. Lakini nilitikisa kichwa.

Alikusanya makombo ya majani ya chai kwenye ukingo wa kikombe kwa kidole. "Leboo alituambia umesema tarehe," akasema. "Mzee akamkatalia. Akasema, mtu hawezi kuacha majani yake kwa ajili ya tarehe. Akasema huyu mtoto anaumwa sana, hataki tuogope. Kila asubuhi anatoka nje anakuombea. Mpaka leo, kule mtoni, anakuombea upone."

Rukaya alijifunika uso na mtandio. Alilia bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka, na mimi sikumshika. Nilitaka kumshika na sikuweza, maana Nasinkoi alikuwa pale halii.

Baadaye Nasinkoi aliinuka, akachukua mundu wetu uliokuwa mlangoni, akaupima makali kwa kidole gumba, akamkabidhi.

"Nenda kafanye kazi yako. Majani yamekungoja, usiyaache tena."

"Mama, siwezi."

"Utaweza. Usipokata, nilikuwa naweka miiba ya nini?"

Rukaya akaenda. Akafungua fundo la kwanza, na majani yale makavu yakavunjika mkononi mwake. Nilimfuata na mifuko. Nyuma yetu Nasinkoi alikuwa ametoa simu ndogo kwenye mkunjo wa nguo yake, anaisafisha vumbi.

"Siku ya soko Leboo atawasha simu," akasema. "Nitampa mzee habari. Nitamwambia mtoto amekuja, amepona."

Rukaya aliinama akaanza kukata. Nilimshikia mfuko, yeye akajaza, nikasoma namba kwa sauti, tukahamia mwingine.